Droni Juu ya Mikoko ya Rufiji

Boti ikizimwa injini karibu na mlango wa Simba Uranga, pale mto Rufiji unapokabidhi maji yake kwa Bahari ya Hindi, mtu aliyekuja na droni huanza kwa kutafuta mahali palipo sawa. Ndani ya boti ya wavuvi mahali hapo ni adimu. Kuna nyavu, madumu ya petroli, kamba za nanga na miguu ya watu. Mara nyingi kinachofaa ni kifuniko cha kasha la barafu. Droni inawekwa juu yake, pangaboi zake nne zinaanza kuvuma kama mzinga uliochokozwa, na kioo cha rimoti kinaonyesha kimo: mita sifuri.

Sifuri hiyo inastahili kuulizwa maswali. Haihusu usawa wa bahari, wala kilele cha mkoko ulio hatua ishirini kutoka hapo, wala sheria ya nchi. Maana yake ni moja tu: hapa ndipo nilipoinukia. Kuanzia hapo kifaa kidogo ndani ya droni hupima mgandamizo wa hewa. Karibu na usawa wa bahari, mgandamizo hupungua kwa hektopaskali moja kila mashine ipandapo mita nane hivi, na kwa tofauti hiyo droni hujua imeacha kasha la barafu umbali gani chini yake. Ikifika ilipoambiwa iishie, inaishia. Rubani anaweza kusukuma kijiti mpaka mwisho. Itaning'inia palepale na kumwandikia kwenye kioo kwamba imefika kikomo.

Kikomo hicho hakikuwekwa Dodoma wala Dar es Salaam. Kampuni ya DJI, iliyoanzishwa mwaka 2006 katika jiji la Shenzhen nchini China na ambayo ndiyo yenye droni nyingi zaidi mikononi mwa watu wa kawaida duniani, huzitoa nyingi ya mashine zake zikiwa zimewekewa mita 120. Mwenye nayo, kwa matoleo mengi, anaweza kuingia kwenye mipangilio akakipandisha kimo hicho hadi mita 500. Zaidi ya hapo inagoma.

Kugoma huko si uchovu wa injini. Mavic 3, kwa mfano, imetengenezwa iweze kufanya kazi hadi mita 6,000 juu ya usawa wa bahari. Mtu akiibeba mpaka kilele cha Uhuru, mita 5,895, akiwa na kibali chake mkononi, kioo kitamwandikia sifuri vilevile kama kilivyomwandikia mwenzake aliye ndani ya boti Rufiji. Nguvu ya kupanda ipo. Kinachoizuia ni mistari michache ya programu iliyoandikwa na mhandisi ambaye hajawahi kuuona mkoko wa Rufiji na hana sababu ya kuujua.

Na kwa nini iwe 120? Namba hii asili yake ni ndege za watu. Kwa kanuni za kimataifa za usafiri wa anga, rubani anayeruka kwa kutazama nje kwa macho hatakiwi kushuka chini ya futi 500, karibu mita 150, juu ya ardhi au maji yasiyo na makazi, na juu ya miji ni futi 1,000, isipokuwa anapopaa, anapotua au anapokuwa na ruhusa maalumu. Nchi nyingi zikaamua kwamba droni zibaki chini ya futi 400, yaani mita 122 hivi, na viwanda vikaikata namba hiyo ikawa 120. Kati ya droni na tumbo la ndege imebaki nafasi ya futi 100. Hiyo ni mita 30: mnazi mrefu, na chenji kidogo.

Juu ya delta, nafasi hiyo ina wenyewe. Ndege ndogo za abiria huenda na kurudi kati ya Dar es Salaam na Mafia, na nyingine hupeleka watalii kwenye viwanja vya vumbi vya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Siku ya jua hupita juu sana, zikionekana kama kunguru. Masika yakikaza na mawingu yakashuka, rubani naye huweza kushuka. Kisha kuna zile zinazoruka chini kwa sababu kazi yao ndiyo hiyo: ndege za kunyunyizia dawa ya kweleakwelea, na helikopta za uokoaji. Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyozamisha mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti, ni aina ya tukio linalomtia kila mwenye kamera hamu ya kupandisha droni. Ni wakati huohuo ambapo helikopta huweza kutokea nyuma ya miti bila kupiga hodi.

Wengi hukosea kwenye ile mita 500. Menyu ikikubali, wao huona wameruhusiwa. Lakini dashibodi ya gari nayo imeandikwa kilomita 180 au 220 kwa saa, na hakuna askari wa usalama barabarani pale Kibiti mjini, penye kibao cha 50, atakayesikiliza utetezi kwamba kiwanda ndicho kilichochora namba hizo. Mita 500 ni zaidi ya futi 1,600. Huko juu droni haipo tena uwanjani kwake; iko katikati ya njia ya ndege za Mafia.

Ruhusa yenyewe inatoka kwingine kabisa. Tanzania ina kanuni za mwaka 2018 zinazohusu ndege zinazoongozwa kutoka mbali, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Anayetaka kurusha hupitia huko kuomba kibali, na vyombo vya ulinzi lazima navyo viridhie. Ndani ya hifadhi za taifa kuna ruhusa ya TANAPA juu ya hiyo. Hakuna hata moja kati ya karatasi hizi inayojulikana na programu ya droni. Mashine itapaa vizuri kabisa mikononi mwa mtu asiye na kibali, na itagoma kwa mita 120 mikononi mwa mtafiti aliyekamilisha kila mhuri.

Tena kikomo hubadilika kulingana na duka. Umoja wa Ulaya umeweka madaraja ya droni, na zile za madaraja madogo zinazouzwa huko zikiwa na alama yake hazipandishwi kupita mita 120 hata mwenyewe akitaka. Kijana wa Bungu aliyeletewa droni na shangazi yake anayeishi Ujerumani anaweza kukuta yake imefungwa, na jirani yake aliyeinunua ya jina hilohilo Dubai ana mita 500. Wote wawili wamesimama kwenye uwanja mmoja wa mpira, chini ya anga moja na sheria moja.

Hesabu ya "kutoka nilipoinukia" ina vituko vyake. Kwenye delta, ambako nchi imelala kama mkeka, haileti shida kubwa: mita 120 kutoka kwenye boti ni karibu mita 120 juu ya chochote, ukiondoa mikoko iliyokomaa na minara ya simu. Ukiufuata mto kuelekea juu, hadi kwenye Bwawa la Julius Nyerere, mambo hugeuka. Ukuta mkuu wa bwawa lile una kimo cha mita 131. Kwa hesabu tu, maana eneo lenyewe si la kuchezea, droni iliyowekewa mita 120 ikiinuliwa chini ya ukuta haitafika juu yake. Na ikiinuliwa juu ya ukuta kisha ikasogezwa upande wa bondeni, itakuwa mita 250 hivi kutoka ardhini huku kioo kikiendelea kuandika 120, kwa unyofu wote. Kanuni za Ulaya zimejaribu kuliziba pengo hili kwa kusema kimo kipimwe kutoka sehemu ya ardhi iliyo karibu zaidi na droni. Kifaa cha mgandamizo hakijui ardhi iko wapi. Anayejua ni mtu mwenye macho.

Na boti nayo haitulii. Droni hukumbuka mahali ilipopaa na kupaita nyumbani. Betri ikipungua au mawasiliano yakikatika, hurudi hapo na kushuka yenyewe. Maji yanapokupwa wakati wa bamvua, boti isiyotia nanga huburutwa mamia ya mita ndani ya dakika ishirini. Mashine inarudi kwa uaminifu, inasimama juu ya sehemu ileile iliyoandikwa kwenye kumbukumbu yake, inateremka taratibu, na chini yake hakuna kasha la barafu wala nahodha. Kuna maji ya rangi ya chai ya maziwa, na pengine kiboko. Anayejua kazi huhamisha alama ya nyumbani kila baada ya muda, au huighairi safari hiyo ya kurudi akaipokea droni kwa mkono.

Upepo nao huongezeka kadiri unavyopanda. Wakati wa kusi, mtu aliyekaa kwenye kivuli cha mikoko huweza kudhani hali ni shwari, kumbe mita 100 juu ya kichwa chake hewa inakwenda mbio. Droni iliyosukumwa na upepo kwenda italazimika kurudi ikiukabili, na betri nyingi za mashine hizi ndogo hudumu dakika ishirini hadi thelathini na kitu. Hesabu hii kiwanda hakiwezi kumfanyia mtu.

Kishawishi cha kupanda juu kina sababu ya maana, na si haki kudhani kila anayetaka kimo ni mtundu. Delta ya Rufiji ina takriban hekta 53,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake ulioungana mahali pamoja katika Afrika Mashariki, na tangu 2004 ni sehemu ya eneo la ardhioevu la Rufiji, Mafia na Kilwa linalotambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar. Upande wa kaskazini mikoko imefyekwa miaka mingi kupisha mashamba ya mpunga. Anayetaka kuchora ramani ya uharibifu huo, au kuona kama miche ya mkandaa na msinzi iliyopandwa imeshika, anaona betri zinaisha na msitu hauishi. Akipanda mara nne zaidi, kila picha itafunika eneo kubwa mara kumi na sita.

Lakini kamera hutoza ushuru wake. Kwa droni kama Phantom 4 Pro, nukta moja ya picha iliyopigwa kutoka mita 120 huwakilisha sentimita 3.3 hivi za ardhi. Kutoka mita 500 nukta hiyohiyo inameza karibu sentimita 14. Mche wa mkandaa wenye majani sita unapotea ndani yake kama sarafu kwenye tope. Kwa hiyo mtu aliyefuata miche mara nyingi anahitaji kushuka, mita 60 au chini ya hapo, na kile kikomo anachokilalamikia hakimgusi kabisa. Aliyefuata eneo zima, hana haja ya kupanda. Ana haja ya aina nyingine ya mashine. Mwaka 2016, Zanzibar ilipoanza kupiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kutoka angani, kazi iliyowahusisha Kamisheni ya Ardhi na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walitumia droni nyepesi zenye mabawa kama ya ndege, zinazokaa hewani muda mrefu na kutambaa mistari mirefu. Kazi ilipimwa kwa kilomita zilizopitiwa.

Kuna jaribio ambalo yeyote anaweza kulifanya bila kuwa na droni. Chukua punje ya ulezi, ishike kati ya vidole, nyoosha mkono. Hivyo ndivyo droni ya upana wa sentimita 35 inavyoonekana ikiwa mita 120 kutoka kwako. Sasa badilisha, shika chembe ya mchanga. Hiyo ndiyo mita 500. Mtu anaweza kusema anaiona, na huenda kweli anaiona, lakini hawezi kukwambia imeelekeza kamera wapi, wala kama ndege inayokuja nyuma yake iko mbali au karibu. Kuanzia hapo anarusha kwa kutazama kioo.

Kutazama kioo ndiko kulikoleta ajali ya jioni ya Septemba 21, 2017, karibu na kisiwa cha Staten Island, New York. Droni ya Phantom 4 iligongana na helikopta ya jeshi la Marekani aina ya Black Hawk. Mgongano ulitokea kwenye kimo cha futi 300 hivi, chini kabisa ya kikomo cha futi 400. Kwa upande wa kimo, programu haikuwa na la kulalamikia. Mwenye droni alikuwa kilomita nne kutoka hapo, haioni mashine yake wala helikopta, na Bodi ya Usalama wa Usafirishaji ya nchi hiyo ikabaini kwamba alikuwa ameitegemea programu pekee imjulishe hali ya anga ile. Helikopta ilitua salama ikiwa na jeraha kwenye panga lake. Mwenye droni hakujua kama kumetokea ajali.

Miaka saba baadaye kisa kilirudi kwa sura nyingine. Januari 9, 2025, moto ukiteketeza mitaa ya Palisades, Los Angeles, droni ndogo ilitoboa bawa la ndege ya kuzima moto iliyotoka Quebec, Kanada. Ndege ikatolewa kazini kwa siku kadhaa, katikati ya moto. Aliyekuwa na rimoti alikiri kosa mahakamani na kukubali kulipa zaidi ya dola 65,000. Mawakili wake walieleza kwamba aliutegemea uzio wa kidijitali uliomo ndani ya droni, ule unaopaswa kuzuia mashine isiingie eneo lililofungwa, na uzio haukufanya kazi. Utetezi huo ulitajwa kama sababu ya kupunguziwa adhabu. Hatia ilibaki yake.

Siku nne baada ya mgongano ule, DJI ilitangaza kwamba kwa Marekani inaondoa uzio huo. Droni haitazuiwa tena kuingia maeneo mengi yaliyokatazwa; itatoa onyo, na rubani ataamua. Ulaya mabadiliko kama hayo yalikwishaanza mwaka mmoja kabla. Kikomo cha kimo kimebaki, lakini mwelekeo unaonekana: kampuni inajitoa kwenye kazi ya uaskari. Wapo waliokasirika, wakisema gari likitolewa breki za ziada ni wapita njia watakaoumia. Hoja yao ina uzito. Hata hivyo kwa mrushaji wa Kibiti jambo hili lilikuwa hivyo siku zote, kwani uzio wa Shenzhen haukuwahi kujua mipaka yote ya huku: bomba la gesi asilia linalopita wilayani likitoka upande wa Songosongo, daraja, kituo cha polisi.

Na ardhi ya Kibiti ina kumbukumbu zake. Kati ya 2016 na 2017 wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilipita kwenye kipindi cha mauaji ya viongozi wa vijiji na askari. Aprili 2017 pekee, shambulio moja liliua askari polisi wanane. Kwa mtu aliyeishi miezi ile, mlio usiojulikana juu ya paa jioni hauwezi kuwa mchezo wa watoto, hata kama uko mita 119. Ndiyo maana wenye busara hufika kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, wakatoa shikamoo, wakafungua kasha na kuwaonyesha watu mashine ikiwa imezimwa, kabla haijawatokea hewani. Mkulima aliye juu ya dungu lake kwenye bonde la mpunga, akiamia ndege, yuko nyumbani; amelala hapo, anapika hapo, na watoto wanaoga hapo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inayagusa mambo kama haya. Na kadiri droni inavyoshuka ikitii kikomo, ndivyo inavyomwona vizuri zaidi.

Swali la kimo si geni hapa. Mwaka 1914 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha ndani ya delta baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, Septemba 20. Waingereza hawakuweza kuiona kutoka baharini, mikoko iliifunika. Wakamchukua rubani wa kiraia, Dennis Cutler, aliyekuwa na ndege ya Curtiss ya kutua majini iliyotumika kwa maonyesho huko Durban. Ilikuwa, kwa lugha ya leo, chombo cha burudani kilichopelekwa kazi nzito. Rejeta yake ilipoharibika, simulizi za vita ile zinasema ililetwa nyingine ya gari la Ford kutoka Mombasa. Cutler aliiona meli, lakini Desemba injini ilimwangusha ndani ya delta na akatekwa.

Ndege zilizofuata, zilizorushwa kutoka Mafia baada ya Waingereza kukitwaa kisiwa hicho Januari 1915, zilipambana na kikomo ambacho hakuna aliyekiandika: joto na unyevu. Hewa nyepesi ya pwani iliziondolea nguvu, gundi ya mbao ikaachia, na baadhi zilihangaika kupanda hata futi mia chache, zikiwa ndani ya shabaha ya bunduki.

Julai 11, 1915, manowari mbili za maji mafupi, Severn na Mersey, ziliingia mtoni na kuanza kufyatua zikiwa kilomita nyingi kutoka kwenye meli, bila kuiona. Juu yao rubani Cull na mwenzake Arnold, ndani ya ndege aina ya Farman, waliangalia kila kombora lilipoangukia na kutuma marekebisho kwa redio. Kisha kipande cha chuma kikaipiga injini. Ndege ikaanza kushuka, na Arnold, akiuona mto ukija, akaendelea kugonga ufunguo wa redio, akiwaambia wenzao wasogeze shabaha. Farman iliangukia majini karibu na Mersey. Mashua ikashushwa, ikawafuata wote wawili, wakiwa hai.